Kalsiamu ya mama haipandi tangu atolewe tezi, na vidonge anameza

Binti_Mkubwa

Habari zenu wadau. Naombeni mnisaidie kuelewa, maana kila ninayemuuliza ananijibu huku anaondoka, nami nabaki na karatasi ya majibu mkononi.

Mama yangu ana miaka 58. Alitolewa tezi yote ya thairoidi kwa sababu goita ilikuwa imekua mpaka inambana koo akilala. Upasuaji wenyewe haukuwa na shida: kidonda kimefunga vizuri na sauti yake haijabadilika. Ila siku ya pili alianza kulalamika kwamba midomo imekufa ganzi, baadaye ncha za vidole zikawa zinachomachoma, na usiku vidole vikakakamaa hata akashindwa kushika kikombe. Wakamtundikia dripu ya kalsiamu, hali ikatulia, tukaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge.

Sasa tuko wiki ya tatu. Juzi kalsiamu ilisoma 1.84 (milimoli kwa lita), wiki iliyopita ilikuwa 1.86, na kiwango kilichochapwa pembeni ya karatasi ni 2.15 hadi 2.55. Haipandi kabisa. Anameza kalsiamu kabonati mara tatu kwa siku, vitamini D ya kawaida, levothairoksini ya kuziba pengo la tezi, na omeprazoli ambayo ameitumia miaka mingi kwa ajili ya kiungulia. Za asubuhi anazimeza zote kwa mkupuo kabla ya chai, kwa sababu kila pakiti imeandikwa "asubuhi".

Kuna jambo jingine lililonitia hofu. Juzi hiyo hiyo alipokuwa akipimwa presha, mkanda ulijaa ukakaa kidogo, mara mkono wake ukajikunja wenyewe: kifundo kikainama, vidole vikanyooka vimebanana, dole gumba likaingia kiganjani. Mama hakuufanya kwa kutaka. Aliyekuwa akipima alimwambia alegeze mkono, akaandika namba zake, akaita mgonjwa mwingine. Mimi sijatulia tangu hapo.

Ndugu wote wanasema aongeze maziwa. Anayanywa, tena mengi. Kwa nini basi hiyo kalsiamu haionekani kwenye damu? Na ule mkono una maana gani?

Bi_Salama

Mwanangu, poleni sana, wewe na mama. Naanza na mkono kwa sababu hauwezi kungoja.

Ulichokiona kinaitwa ishara ya Trousseau, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1861. Mkanda wa presha ukizuia damu kwa dakika chache, mishipa ya fahamu ya mkono ambayo tayari ina upungufu wa kalsiamu inajiwasha yenyewe na kuvuta misuli. Kumwambia mama alegeze hakusaidii chochote, hana uwezo nao. Aliyepima alipaswa kumwita daktari pale pale. Kwa hiyo tarehe ya kliniki msiingoje. Mrudisheni leo, na mkifika mlangoni mseme maneno haya haya: ametolewa tezi, kalsiamu ni 1.84, na mkono unakakamaa mkanda wa presha ukijaa. Akipata degedege, akizirai, mapigo ya moyo yakienda ovyo, au koo likibana hadi pumzi inatoka kwa mluzi, hiyo ni dharura ya dakika hiyo, iwe usiku iwe mchana.

Mimi nilitolewa tezi nikiwa bado kijana, na hali aliyonayo mama ndiyo niliyoishi nayo tangu wakati huo. Nimelea watoto nayo. Nakuambia haya ili ujue inawezekana kabisa kuishi nayo vizuri, ila inataka kueleweka.

Nyuma ya tezi ya thairoidi kuna vitezi vinne vya parathairoidi, kila kimoja ukubwa wa punje ya mchele. Ni vidogo kiasi kwamba kwa binadamu havikuelezwa mpaka mwaka 1880, na aliyevieleza ni Ivar Sandström, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari huko Uswidi. Kazi yake ni kulinda kalsiamu ya kwenye damu. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Inayotembea kwenye damu ni kidogo mno, lakini ndiyo inayotuliza mishipa ya fahamu, inayoendesha misuli na kuuweka moyo kwenye mpigo wake. Kiwango hicho kikishuka hata kidogo, vitezi vinatoa homoni ya parathairoidi. Homoni hiyo inachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, inaziamuru figo zisiimwage kwenye mkojo na badala yake zitoe fosfeti, na tena inaziamuru figo hizo hizo ziigeuze vitamini D kuwa ile hai, ambayo ndiyo inayofungua utumbo upokee kalsiamu ya chakula.

Tezi kubwa inapotolewa, vile vinne vinaweza kupondeka, kukatiwa damu, au kimoja wapo kuondoka pamoja nayo. Hutokea hata kwa mpasuaji mwenye mkono mwangalifu, maana rangi yake inakaribiana na mafuta yaliyovizunguka. Vikizimia, amri zote tatu zinakoma kwa wakati mmoja.

Sasa rudi kwenye maziwa. Kalsiamu imo, lakini bila vitamini D hai utumbo unapokea kidogo sana, na kile kidogo kinachoingia figo zinakimwaga. Isitoshe, maziwa yana fosfeti nyingi, na mgonjwa wa aina hii tayari fosfeti yake huwa imepanda. Mama asinyimwe maziwa, ila msitegemee yafanye kazi ya dawa. Hata hiyo vitamini D ya kawaida aliyopewa inangoja kugeuzwa na figo, na figo zinangoja homoni ambayo pengine haipo. Ndiyo maana wengi wetu tunapewa ile iliyokwisha kugeuzwa, alfakalsidoli au kalsitrioli. Muulize daktari kwa nini mama hana.

Mkiwa huko, ombeni vipimwe magnesiamu, fosfeti, albumini, kreatinini (ya kuonyesha kazi ya figo), vitamini D na homoni ya parathairoidi, na apimwe umeme wa moyo. Magnesiamu niiweke ya kwanza. Mtu anayemeza omeprazoli kwa miaka mingi na kalsiamu haipandi, mimi hapo ndipo ningetazama kabla ya pengine popote.

Jambo la mwisho kwa leo. Ganzi ikimwanza mdomoni atashikwa na hofu, na akishikwa na hofu atahema haraka haraka. Kuhema hivyo kunapunguza tindikali ya damu, na kalsiamu iliyo huru inazidi kushikwa na protini, kwa hiyo ganzi inazidi. Kaa naye, mshike mkono, mwambie avute pumzi polepole na kuitoa polepole. Haitibu, lakini inazuia hali isikimbie wakati mnaelekea hospitali.

Zamu_ya_Usiku

Mimi nafanya kazi maabara. Bi Salama amemaliza mengi. Naongeza kuhusu ile namba yenyewe.

Kalsiamu inayosomwa kwenye kipimo cha kawaida ni jumla. Karibu nusu yake imeshikwa na protini, hasa albumini, na haifanyi kazi yoyote kwenye mishipa ya fahamu. Inayofanya kazi ni ile iliyo huru. Mgonjwa aliyetoka kwenye upasuaji, aliyekula vibaya kwa wiki kadhaa, albumini yake hushuka, na jumla ya kalsiamu inashuka nayo hata kama iliyo huru iko sawa. Hesabu tunayoitumia ni hii: chukua 40, toa albumini ya mgonjwa kwa gramu kwa lita, zidisha kwa 0.02, kisha ongeza kwenye kalsiamu iliyosomwa. Ni makadirio tu. Kwa mgonjwa mahututi, au aliyeongezewa damu nyingi, hesabu hii hudanganya na inafaa kalsiamu huru ipimwe moja kwa moja. Kiwango chake cha kawaida ni kama 1.1 hadi 1.3.

Pia kuna kosa la mchupa ambalo watu wa nje hawalijui. Michupa ya kupimia wingi wa damu ina kemikali iitwayo EDTA, ambayo huzuia damu isigande kwa kuifunga kalsiamu yote. Damu ya mchupa huo ikiingia kwenye mchupa wa kemia, hata tone, kalsiamu inasoma chini ajabu na potasiamu inasoma juu ajabu. Nikiona namba hizo mbili pamoja kwa mtu asiye na dalili yoyote, naomba damu nyingine.

Kwa mama huyu siwezi kusema ni mchupa. Mkono ule hautoki maabara.

Binti_Mkubwa

Asanteni sana. Tuko njiani naandika kwa simu. Bi Salama shikamoo, na nashukuru kwa maneno ya kusema mlangoni, nimeyaandika kwenye karatasi.

Nimetazama majibu ya juzi, albumini ipo: 34. Kwa hiyo 40 toa 34 ni 6, mara 0.02 ni 0.12. Ukijumlisha na 1.84 inakuwa 1.96. Bado iko chini, au nimekosea hesabu? Magnesiamu sijaiona popote, hata kwenye majibu ya siku za kulazwa.

Zamu_ya_Usiku

Hesabu yako ni sahihi. Iko chini kweli. Magnesiamu haimo kwenye kifurushi cha vipimo vya kawaida vya sehemu nyingi, mpaka daktari aiandike kwa jina.

Mfamasia_wa_Kona

Niongee kuhusu zile dawa za asubuhi, kwa sababu mpangilio ule unaziumiza zote.

Kalsiamu kabonati inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke. Imezwe katikati ya chakula au mara tu baada ya kula, wakati tumbo limetoa tindikali. Huyu mama anaimeza tumbo tupu, tena pamoja na omeprazoli, ambayo kazi yake hasa ni kuzima tindikali. Sehemu kubwa ya kidonge itapita bila kuyeyuka. Kwa mtu wa hali yake kalsiamu sitreti inafaa zaidi, kwa kuwa haitegemei tindikali. Ubaya wake ni kwamba inabidi vidonge vingi zaidi, maana kabonati ina asilimia 40 ya kalsiamu halisi na sitreti ina asilimia 21. Someni kibandiko kwa makini hapo. Chupa moja itaandika miligramu 1250 za kabonati, nyingine itaandika miligramu 500 za kalsiamu, na ni kitu kile kile. Ila kikiandikwa kabonati miligramu 500, kalsiamu iliyomo ni 200 tu. Na utumbo haupendi nyingi kwa wakati mmoja: kalsiamu halisi ikizidi kama miligramu 500 kwa mkupuo, ziada huingia kwa shida, ndiyo sababu inagawanywa mara tatu au nne.

Sasa levothairoksini. Kalsiamu inaikamata tumboni na kuizuia isiingie. Ziachane saa 4. Vidonge vya madini ya chuma navyo vivyo hivyo, na baadhi ya antibiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini pia hukamatwa. Njia iliyo rahisi kwa watu wengi ni levothairoksini alfajiri kwa maji matupu, na kalsiamu kuanzia chakula cha mchana na kuendelea. Mwambieni daktari kwamba mmezitenganisha, kwa sababu homoni ya tezi itaanza kuingia zaidi kuliko ilivyokuwa, na dozi ambayo leo inaonekana inamtosha inaweza kuwa kubwa. Kipimo cha TSH, kile kinachoonyesha kama dozi ya homoni ya tezi inamtosha, kirudiwe baada ya wiki 6 hadi 8.

Kuhusu omeprazoli na ndugu zake wa kundi lile: mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba matumizi ya muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka mmoja, yanaweza kushusha magnesiamu. Na magnesiamu ikishuka sana, vitezi vya parathairoidi vinashindwa kutoa homoni, na hata ile inayotoka mifupa na figo haziisikii. Hapo unaweza kummiminia mtu kalsiamu kwa dripu kila siku, itapanda jioni na kushuka asubuhi. Kwa baadhi ya watu hata magnesiamu yenyewe haitulii mpaka dawa ya tindikali ibadilishwe.

Naomba msiache omeprazoli wenyewe nyumbani. Ikiachwa ghafla baada ya miaka, tindikali hurudi kwa nguvu, na huenda mama ana sababu ya msingi ya kuitumia. Aamue daktari, baada ya kupima.

Mtoto_wa_Mzee

Samahani kuingilia mada ya watu. Baba yangu hajafanyiwa upasuaji wowote. Ana ugonjwa wa figo wa hatua ya juu, na mifupa ilipopimwa ikaonekana dhaifu, wakataka kumdunga denosumabu. Nikisoma hapa naingiwa na wasiwasi. Inahusiana?

Mfamasia_wa_Kona

Inahusiana sana, na umefanya vema kuuliza kabla ya sindano. Denosumabu inazuia mifupa isiachie kalsiamu. Mtu mwenye figo nzuri na vitamini D ya kutosha mwili wake hufidia. Baba yako figo zake haziigeuzi vitamini D ipasavyo, kwa hiyo mifupa ndiyo tegemeo lake, na sindano inaufunga huo mlango kwa miezi 6. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake la ngazi ya juu kabisa kwa dawa hii kuhusu kushuka kwa kalsiamu kwa wagonjwa wa figo wa hatua za juu, hasa walio kwenye kusafishwa damu. Si kwamba haiwezi kutumika kabisa. Ila kabla ya sindano lazima kalsiamu, vitamini D, fosfeti na homoni ya parathairoidi zipimwe na kurekebishwa, na baada ya sindano kalsiamu ipimwe mara kwa mara kwa wiki nyingi. Aliyependekeza sindano na anayemtibu figo wazungumze. Usikubali idungwe kabla hawajazungumza.

Mtoto_wa_Mzee

Nimeelewa. Nimeahirisha mpaka daktari wa figo amwone. Mungu awabariki.

Binti_Mkubwa

Wadau, nimerudi na majibu. Samahani kwa kimya, tulilazwa.

Magnesiamu ilikuwa 0.46, na kiwango chao kinaanzia 0.7. Fosfeti ilikuwa juu, 1.71. Homoni ya parathairoidi chini sana. Kwenye umeme wa moyo daktari alituonyesha nafasi moja aliyosema imerefuka kwa sababu ya kalsiamu, akasema hiyo peke yake ingemfanya amlaze. Alimgongagonga mama kwa kidole mbele ya sikio, na kona ya mdomo upande ule ikawa inaruka. Nikamuuliza kama hiyo nayo ni alama, akasema ndiyo, ingawa watu wengine wazima wanayo, kwa hiyo yeye anauamini zaidi mkono.

Walimpa kalsiamu glukoneti kwa mshipa, taratibu, dakika kumi nzima, mashine ya moyo ikiwa imewashwa. Nesi aliketi pale mpaka ikaisha, na kila baada ya muda alikuwa anagusa mkono palipoingia sindano kuangalia kama panavimba, kwa sababu dawa ile ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Nilimpenda sana yule dada. Baada ya hapo magnesiamu kwa dripu. Ni kama Bi Salama na mfamasia walivyosema: magnesiamu ilipoanza kupanda ndipo kalsiamu nayo ikaanza kushika. Ametoka na kalsiamu 2.09, baada ya kusahihishwa kwa albumini.

Sasa hivi anameza levothairoksini alfajiri, kalsiamu sitreti mchana, jioni na kabla ya kulala, alfakalsidoli mikrogramu 1 kwa siku, na magnesiamu ya vidonge ambayo inamletea kuhara kidogo. Omeprazoli imeondolewa, amepewa famotidini badala yake. Ganzi ya mdomo imeondoka. Ya vidole inarudi kidogo alfajiri.

Nimebaki na maswali mawili. Daktari anasema anataka kalsiamu ikae kati ya 2.1 na 2.3 tu, isipande zaidi. Kwa nini asimfikishe katikati kabisa kama watu wengine? La pili, hali hii ni ya maisha? Nilimuuliza akasema "tutaona", na mama ananiuliza mimi kila siku.

Bi_Salama

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kuliko unavyodhani. 0.46 ingemsumbua hata mtu mwenye vitezi vyake vyote vinne.

Nianze na swali la mama. "Tutaona" ni jibu la kweli, japo limekatwa fupi mno. Homoni ilipimwa wakati magnesiamu iko chini, na magnesiamu ya chini peke yake inatosha kuvinyamazisha vitezi vizima. Kwa hiyo kipimo kile hakiwezi kutenganisha vilivyokufa na vilivyolala. Ombeni kirudiwe magnesiamu ikishakaa sawa kwa wiki kadhaa. Walio wengi wanaopata hali hii baada ya upasuaji vitezi vyao huamka ndani ya wiki au miezi. Madaktari huwa hawasemi ni ya kudumu mpaka ipite miezi 6, wengine husubiri miezi 12. Mwambie mama hivyo hivyo, usimpunguzie wala usimwongezee. Na homoni ikianza kupanda, dawa hupunguzwa hatua kwa hatua huku damu ikipimwa. Asije akaziacha kwa siku moja kwa kuwa anajisikia mzima.

Sasa hiyo 2.1 hadi 2.3. Kumbuka nilikuambia homoni inaziamuru figo zisimwage kalsiamu. Mama hana mwamuru huyo. Kiwango cha damu ambacho kwa mtu mwingine ni cha kawaida kabisa, kwake kinapitisha kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Ukimpandisha mpaka katikati ya kipimo, ataonekana mzuri kwenye karatasi huku figo zinajaa vijiwe, na baada ya miaka nyama yenyewe ya figo inashika chokaa na nguvu yake inapungua. Nimewaona watu hivyo. Walifukuzia namba nzuri, vidole havikuwachoma hata siku moja, na figo zikaondoka kimyakimya. Kwa hiyo tunakaa chini kidogo, mahali ambapo dalili hazisumbui na mkojo haulemewi. Siku moja daktari atataka mama akusanye mkojo wa saa 24 kwenye dumu, ni wa kupima hicho. Aukusanye wote bila kuacha hata wa usiku, vinginevyo kipimo hakina maana. Mkojo ukionekana una kalsiamu nyingi mno, kuna dawa za kundi la thiazaidi ambazo huzisaidia figo kuirudisha. Kwa kawaida tunazijua kama dawa za presha.

Ganzi ya alfajiri usiidharau wala usiiogope. Ni saa ambazo dozi ya mwisho imekwisha kazi. Mwambie daktari, pengine atasogeza dozi ya usiku au kuigawa upya. Mama asijiongezee alfakalsidoli. Kalsiamu akiongeza kidonge kimoja siku yenye dalili, ikiwa daktari ameruhusu, sawa. Ila alfakalsidoli inakaa mwilini siku kadhaa, na ukiipandisha leo kwa sababu ya ganzi ya leo, kalsiamu inaweza kupita juu wiki ijayo.

Na huko juu nako kuna hatari, nataka ulijue hili kabla halijatokea. Akianza kuwa na kiu isiyoisha, kukojoa sana, choo kigumu, kichefuchefu, uchovu wa kulala mchana kutwa au kusahausahau, msidhani ni uzee wala joto. Mpigieni daktari siku hiyo hiyo mkaombe kipimo cha damu. Mama akikauka maji hali hii huja haraka zaidi, basi anywe maji vizuri.

Tumbo ndilo lililonisumbua mimi kuliko yote. Siku unatapika au unahara, vidonge havikai, na hatuna akiba ya kutubeba hata siku mbili. Magnesiamu yake inayomharisha msiivumilie kimya: kuhara kunapoteza magnesiamu ile ile mnayoitafuta. Igawanywe dozi ndogo ndogo pamoja na chakula, au ibadilishwe aina. Na akitapika dawa za siku nzima, asingoje ganzi ifike mkononi. Aende apewe kwa mshipa.

Aandikiwe karatasi ya kukaa kwenye mkoba: hana tezi ya thairoidi, homoni ya parathairoidi iko chini, dawa zake na dozi zake. Daktari wa meno aione, na wa kila upasuaji. Yeyote atakayetaka kumdunga sindano ya mifupa aione kwanza, kama mfamasia alivyomweleza huyu kijana wa mzee.

Kwa wale ambao dawa hizi hazitoshi, siku hizi kuna homoni yenyewe ya kujidunga kila siku. Palopegteriparataidi ilikubaliwa Ulaya mwaka 2023 na Marekani mwaka 2024. Mama hajafika huko na huenda asifike.

Damu ipimwe kila wiki kwa sasa, mpaka namba zikae mahali pamoja, kisha muda uongezwe kidogo kidogo. Kipimo kijacho ukikileta hapa, andika na fosfeti, kreatinini na magnesiamu, na saa aliyomeza kalsiamu kabla ya kutolewa damu. Kalsiamu peke yake hainitoshi kukujibu.